Ndege wa faraja: mwarobaini, mjakaranda, mwembe au mpingo?

Ndege wa faraja ni kipande cha mti kinachoenea kiganjani, kimechongwa kwa umbo la ndege aliyetulia. Hana macho, hana manyoya, hana miguu. Mgonjwa humshika akiwa kitandani. Mfiwa humtia mfukoni matanga yakishaondolewa na watu kurudi makwao. Bibi asiyeona vizuri humpapasa usiku usingizi unapomkataa. Vikundi vya wachongaji Marekani na Kanada huwachonga na kuwagawa bure hospitalini na kwenye vituo vya tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu kwa wenye ugonjwa mzito, na umbo lao limeenea kote. Huku kwetu mafundi hawakosekani: Wakamba wa Wamunyu na Mombasa, Wamakonde wa Mtwara na Dar es Salaam. Anayeanza hukwama mahali pawili tu: mti gani, na amalizie kwa kitu gani?

Tumechukua miti minne inayopatikana Afrika Mashariki bila kuagiza mbali, kisha njia nne za kumalizia. Hakuna mti wala njia inayomfaa kila mtu. Mkono wa mtoto aliyelazwa haufanani na mkono wa babu mwenye baridi yabisi.

Tunapima nini

Ndege huyu hushikwa saa nyingi kuliko anavyotazamwa, kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kiganja: uzito, ulaini, na kama mti huhisi baridi au vuguvugu. Mti mzito hunyonya joto la mkono upesi, ndiyo maana mpingo huwa baridi mwanzoni, kisha hushika joto na kukaa nalo. Mti mwepesi huhisi vuguvugu tangu mguso wa kwanza.

Kipimo cha pili ni kisu, yaani mti unachongekaje kwa mtu mwenye vifaa vichache. Cha tatu ni kukauka, maana ndege akipata ufa wiki mbili baada ya kupewa mfiwa, zawadi imegeuka huzuni nyingine. Cha nne ni usalama, wa mchongaji anayevuta vumbi na wa mpokeaji ambaye huenda akamlaza ndege shavuni au kumtia mdomoni. Cha tano ni kupatikana, pamoja na hasara ambayo msitu unapata mti huo ukikatwa.

Umbo moja kwa miti yote

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukulie kipande cha sentimita 10 kwa 5 kwa 5. Ukimaliza, ndege atabaki na ujazo wa karibu sentimita za ujazo 100. Sehemu kubwa ya kile kipande huishia kuwa maranda na vumbi. Kwa ujazo huo, wa mjakaranda atakuwa na gramu 50 hadi 60, karibu na yai la kuku. Wa mwembe 60 hadi 65, wa mwarobaini 70 hadi 75, na wa mpingo hufika 120.

Nyuzi za mti ziende kutoka mdomoni hadi mkiani. Ukizilaza kwa upana, mdomo utavunjika siku ndege atakapoanguka sakafuni, kwa sababu nyuzi za pale zitakuwa fupi mno kushikana. Acha mdomo uwe butu, usipungue milimita 8 kwa unene, na mkia usipungue 10. Moyo wa mti, kile kiini cha katikati kabisa ya gogo, usiingie kwenye kipande hata kidogo: ufa karibu kila mara huanzia hapo.

Chora ubavu kwanza, kata kwa msumeno, kisha chora umbo la juu na ukate tena. Zungusha kingo kwa kisu. Anza pale ndege alipo mnene na uteremke kuelekea mdomoni, kisha anza tena pale pale uteremke kuelekea mkiani. Shingoni, palipobonyea, kata kutoka pande zote mbili ukikutana chini. Ukivuka bonde kwa mkato mmoja utachimba nyuzi na kuacha jeraha lisilofutika kwa msasa. Nyuma ya kichwa chonga kibonde cha kidole gumba, kina cha milimita 3 hadi 5. Bila kibonde hicho ndege huwa kama jiwe lenye mdomo. Kikiwepo, kidole hujua pa kulala.

Msasa uende kwa mpangilio: 80, 120, 180, 240, 320, 400 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Kila namba ifute mikwaruzo ya namba iliyotangulia kabla hujapanda. Ukiruka kutoka 80 hadi 240, mikwaruzo ya 80 itajitokeza mafuta yatakapopakwa, na itabidi urudi mwanzo. Baada ya 240 futa ndege kwa kitambaa chenye maji kidogo, mwache nusu saa. Nyuzi zilizolala zitasimama, nawe uzikate kwa 320. Rudia mara moja, kisha 400. Kujua kama umemaliza, mpitishe ndani ya soksi ya nailoni: panapokwama bado pana uzi.

Mwarobaini

*Kisu.* Huu ndio mti wa wachongaji wengi wa pwani ya Kenya leo, tangu muhugu na mpingo vilipoanza kuadimika. Una ugumu wa kati. Taabu yake ni nyuzi zinazopishana: milimita chache zinaelekea huku, chache zinazofuata zinaelekea kule, na kisu kilichokuwa kinateleza ghafla kinang'oa. Usishindane nao kwa nguvu. Noa mara nyingi, kata kwa mshazari badala ya kusukuma kisu moja kwa moja, na pale nyuzi zinapogoma weka kisu chini uchukue tupa ya nusu duara. Mti wa siku tatu hadi saba tangu ukatwe huchongeka kwa urahisi zaidi kuliko mkavu.

*Kukauka.* Ukichonga mbichi, acha ziada ya milimita 5 kila upande. Mweke ndege kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake mwenyewe, kivulini, wiki tatu hadi nne. Maranda hushika unyevu na kuutoa polepole, na polepole ndiyo siri yenyewe. Pima kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, maliza kuchonga. Ukimwanika juani ili uwahi mazishi au siku ya kwenda kumjulia hali mgonjwa, atapasuka kichwani au mkiani, mahali ambapo nyuzi zinatokea nje.

*Mkononi.* Rangi ni kahawia yenye wekundu, ya moto kidogo. Vinyweleo vyake vinaonekana kwa jicho lakini havisikiki kwa kidole ukifika msasa wa 400. Uzito wake ni wa kutosha kumfanya mtu ajue ameshika kitu, bila kumchosha.

*Usalama.* Vumbi ni chungu kooni, vaa barakoa. Bungua hawaupendi sana, hasa sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Sehemu nyeupe ya nje wanaweza kuitafuna. Watu wengi hufarijika kusikia kwamba ndege wao ni wa mwarobaini, mti wa dawa, na si vibaya kuwaambia. Lakini usimpake mafuta ya mbegu za mwarobaini ukidhani unaongeza baraka. Yana harufu kali, na kwa mtoto mdogo akiyameza ni hatari.

*Kupatikana.* Hukua upesi na huchipuka tena ukikatwa, na pwani nzima watu hupunguza matawi yake. Tawi lenye kipenyo cha sentimita 14 na kuendelea hutoa vipande viwili visivyo na moyo.

*Unamfaa nani.* Mtu mzima yeyote, na mchongaji aliyekwishazoea kisu kidogo.

Mjakaranda

*Kisu.* Kwa anayejifunza, huu ndio mti mpole kuliko yote minne. Ukiwa mbichi hukatika kama muhogo uliochemshwa nusu, na nyuzi zake zimenyooka vya kutosha kumsamehe mtu aliyekosea upande. Ubaya wa ulaini huo ni kwamba ukucha unaacha alama, na msasa wa 80 ukikandamizwa huchimba mabonde. Anza na 120.

*Kukauka.* Hukauka upesi na hupasuka kidogo. Maadui zake ni wawili. Wa kwanza ni ukungu: kwenye unyevu wa masika, gogo bichi likilala siku chache bila hewa hupata mabaka ya buluu na kijivu yanayopenya ndani, wala msasa hauyaondoi. Pasua mapema na upange vipande vikiwa vimeachana. Wa pili ni bungua. Ukiona unga laini kama wa ngano chini ya ndege na vitundu vya sindano tumboni, wamo ndani. Kinga nzuri ni kuchemsha kipande kibichi kwenye maji kwa saa moja hadi mbili kabla ya kuchonga, kisha kukikausha kivulini. Joto huua mayai na funza. Wapo wanaochovya sanamu kwenye dawa ya wadudu. Kwa pambo la kabatini hilo ni shauri lao, kwa ndege atakayelala kwenye mto wa mgonjwa usifanye kabisa.

*Mkononi.* Mwepesi, vuguvugu, mweupe wa maziwa unaoelekea manjano. Mtu aliyedhoofika humshika muda mrefu bila kuchoka.

*Usalama.* Hauna sifa ya kuwasha, ila vumbi la mti wowote ni vumbi.

*Kupatikana.* Nairobi, Arusha na miji mingine ya nyanda za juu imepanda mijakaranda kando ya barabara, na matawi hukatwa mara kwa mara. Si mti wa asili yetu, asili yake ni Amerika Kusini, kwa hiyo kuutumia hakupunguzi msitu wa mtu.

*Unamfaa nani.* Mtoto, mgonjwa dhaifu, na mchongaji wa ndege wa kwanza.

Mwembe

*Kisu.* Upo kati ya hiyo miwili kwa ugumu, na nyuzi zake nazo hupishana, ingawa si kwa ukaidi wa mwarobaini.

*Kukauka.* Kama mjakaranda: wahi kuupasua, uchemshe, upe hewa. Hupinda kuliko kupasuka, na katika ndege mdogo hivi kupinda hakuonekani.

*Mkononi.* Uzuri wake ni michirizi. Mwembe mmoja unaweza kukupa kahawia, manjano, kijivu na mistari myeusi katika kipande kimoja, na hapatakuwa na ndege wawili wanaofanana. Mistari myeusi ni kazi ya ukungu ndani ya mti. Ikiwa mti ungali mgumu, ni pambo. Ukibonyea kwa ukucha au ukinuka udongo, umeoza. Mti uliooza usimpe mgonjwa wa kifua.

*Usalama.* Hapa pana jambo la kuzingatia. Utomvu wa mwembe huwawasha baadhi ya watu, wale wale ambao midomo huwavimba wakila embe na ganda lake. Kwa mchongaji kama huyo mti mbichi ni taabu: vaa glavu na mikono mirefu. Mti mkavu uliofunikwa vanishi hauna shida hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini ukijua kwamba mpokeaji huwashwa na embe, chukua mti mwingine.

*Kupatikana.* Miembe mizee isiyozaa tena hukatwa kila msimu. Omba gogo kabla halijawa kuni au mkaa.

*Unamfaa nani.* Mfiwa, au mtu anayependa kutazama kama anavyopenda kushika.

Mpingo

*Kisu.* Kisu cha kawaida kitalia tu juu yake. Mpingo hukatwa kwa msumeno wa chuma, hushushwa kwa tezo na tupa, na hulainishwa kwa kukwangua na kipande cha kioo kilichopasuliwa kwa makali, kama wafanyavyo mafundi wengi, mkono ukiwa na glavu nene. Ndege mmoja anayechukua saa tatu kwa mjakaranda atakula siku nzima na zaidi hapa. Msasa uendelee kupita 400, hadi 800 au 1000, na ndege ataanza kung'aa kabla hujapaka chochote.

*Kukauka.* Polepole mno. Usinunue mpingo mbichi kwa kazi hii. Tafuta masalia ya mafundi waliokwisha kuuweka miaka kadhaa, na ukague ncha zote mbili kwa maji: futa kwa kitambaa chenye unyevu, ufa mwembamba utabaki na mstari wa giza maji yanapokauka.

*Mkononi.* Mzito, mweusi wenye zambarau ya mbali, baridi kisha wa moto. Sehemu ya nje ya mti ni ya manjano. Ukikipanga kipande vizuri, tumbo la ndege linakuwa la manjano na mgongo mweusi. Kwa mtu mwenye mkono unaotetemeka uzito huu huenda ukasaidia kumtuliza. Kwa aliyedhoofika unachosha. Akimwangusha kwenye marumaru, mdomo unaweza kumeguka, maana mti mgumu hivi hauna mnyumbuko.

*Usalama.* Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na anayeanza kudhurika nalo huzidi kudhurika kila mara analivuta. Barakoa nzuri, nje penye upepo, na nguo za kazi zisiingie chumbani kwa mtoto.

*Kupatikana.* Mpingo ni mti wa taifa wa Tanzania, huchukua miaka zaidi ya 70 kufikia kuvunwa, na mbao zake ndizo zinazotengeneza klarineti na obo za dunia, ala za muziki za kupuliza. Wilayani Kilwa vijiji vinavyosimamia misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba misitu inavunwa vizuri, jambo linaloonyesha kwamba uvunaji wa haki unawezekana. Kwa ndege wa gramu 120 hakuna sababu ya kuangusha mti. Masalia ya karakana za Mwenge, Dar es Salaam, yanatosha.

*Unamfaa nani.* Mchongaji mzoefu, na zawadi ya kukaa miaka mingi, kwa mfano kwa mjane au kwa mzazi aliyefiwa na mtoto.

Kumalizia: nta, mafuta ya kitani, vanishi, shelaki

Makosa mengi tunayoyaona hayatokani na kuchonga, yanatokea hapa. Na kwanza tuseme moja: rangi ya viatu, ambayo hutumika sana kung'arisha sanamu za kuuza, haifai. Kiganja chenye jasho huitoa, na shuka jeupe la hospitali hupata doa la kahawia.

*Nta ya nyuki na mafuta.* Chukua sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta, kwa uzito. Gramu 25 za nta na 100 za mafuta hutosha ndege zaidi ya 20. Weka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 na mvuke wake hushika moto. Paka ikiwa vuguvugu, acha nusu saa, futa yote inayofutika, sugua kwa kitambaa cha pamba. Rudia kesho yake.

Mafuta gani? Ya kupikia, kama ya alizeti, huvunda na kunata baada ya miezi. Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, kwa hiyo Nairobi asubuhi yameganda na Mombasa mchana ndege anatoka jasho. Yanayofaa ni yale meupe yasiyo na harufu yanayouzwa duka la dawa kwa jina la likwidi parafini. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya dawa, kwa sababu ukisema parafini peke yake, sehemu nyingi utapewa mafuta ya taa.

Mkononi, hakuna kinachoishinda nta: mti huhisi kama mti. Udhaifu wake ni kwamba haizuii maji, na kila miezi mitatu au minne ndege anataka kusuguliwa upya. Inamfaa mtu aliye nyumbani.

*Mafuta ya kitani.* Hupenya na kukauka ndani ya mti. Paka kwa wingi, subiri dakika 15 hadi 20, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu, acha saa 24 au zaidi hadi yakauke. Mara tatu. Usipofuta vizuri, juu patabaki utando unaonata kama asali na itabidi uuondoe kwa msasa. Mafuta yaliyoandikwa "yaliyochemshwa" hukauka upesi zaidi, lakini mara nyingi yametiwa chumvi za madini. Kwa ndege wa mtoto tumia yale ghafi na umpe mwezi mzima kabla ya kumkabidhi. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje kimoja kimoja au vitose majini. Vikikunjwa pamoja hupata joto vyenyewe na kuwaka, hata usiku watu wakiwa wamelala.

Na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: juu ya mpingo mafuta haya mara nyingi hayakauki. Mti wenyewe una viasili vinavyozuia mafuta kushika hewa. Mpingo uusugue hadi ung'ae, kisha nta kidogo, basi.

*Vanishi ya polyurethane.* Tabaka tatu nyembamba, msasa wa 400 mkono mwepesi kati ya moja na nyingine, kisha wiki tatu hadi nne za kukomaa. Hufutika kwa kitambaa cha maji na sabuni, na huvumilia spiriti ya kunawia mikono kuliko nyingine zote hapa. Chagua isiyong'aa sana. Kinachopotea ni mguso: kidole kinagusa ngozi ya plastiki. Ukimpa kabla haijakomaa, harufu itamsumbua mgonjwa na alama za vidole zitabaki juu.

*Shelaki.* Ni vanishi inayotokana na utomvu wa mdudu. Hukauka kwa dakika, hung'aa kwa uzuri, na hukoleza rangi za mwembe kuliko kitu kingine. Lakini huyeyushwa kwa spiriti, na spiriti ndiyo iliyomo kwenye vitakasa mikono. Muuguzi akishika ndege kwa kiganja kilichotoka kutakaswa, ndege atanata. Iache kwa zawadi za nyumbani.

Kwa hali yako

Unampelekea mtu aliyelazwa: mjakaranda au mwarobaini, na vanishi iliyokomaa. Muulize muuguzi wa zamu kwanza, hasa wodi ya walioungua au wenye kinga hafifu, na ndege awe wa mgonjwa huyo mmoja, asizungushwe kitanda hadi kitanda. Akirudi nyumbani na kutaka mguso wa mti wenyewe, vanishi inaweza kuondolewa kwa msasa na nta kuchukua nafasi yake.

Mgonjwa yuko nyumbani kwenye tiba shufaa, amedhoofika: mjakaranda na nta. Ukimpima ndege mkononi mwako, wewe mwenye nguvu, ukahisi ni mwepesi mno, basi yuko sawa.

Mfiwa: mwembe au mwarobaini, na mafuta ya kitani au nta. Usichelewe sana kutafuta ukamilifu. Wiki ya nne hadi ya nane, wageni wakishapungua, ndipo ndege anapohitajika zaidi, na muda huo unatosha kukausha na kuchonga bila haraka.

Mtoto: mjakaranda, mafuta ghafi ya kitani, mdomo na mkia vinene zaidi, milimita 12. Chini ya miaka mitatu mwili wa ndege usipungue sentimita 4.5 kwa upana.

Mzee mwenye baridi yabisi: vidole havikunji vizuri, kwa hiyo panua ndege kuliko kumrefusha, sentimita 9 kwa 5.5 humkaa vyema. Mwarobaini na nta. Anayetetemeka, mjaribishe mpingo kwanza mkononi mwake kabla ya kutoa siku yako nzima.

Familia ya Kiislamu: wapo wasiopenda sanamu ya kiumbe mwenye roho nyumbani. Ndege huyu hana macho wala uso, na baadhi humpokea kwa hilo, lakini uliza jamaa kabla. Akikataa, chonga umbo la yai au kokoto lenye kibonde cha kidole. Mti na umaliziaji ni ule ule.

Kwa yeyote: kichwa kikubwa cha mviringo kilichokaa bila shingo humfanya ndege afanane na bundi, na wapo wengi ambao kumpelekea mgonjwa bundi ni kumtabiria kifo. Nyosha shingo kidogo, mdomo utazame mbele au juu, awe njiwa.

Ndugu yuko ng'ambo: mbao pwani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Nyumba yenye hita Toronto wakati wa baridi, au yenye kiyoyozi mchana kutwa Muscat, huushusha chini zaidi, na ndege aliyekuwa mzima Tanga hupasuka akiwa huko. Mkaushe kwanza wiki mbili zaidi ndani ya chumba kikavu, epuka mpingo usioujua historia yake, na utumie vanishi, ambayo hupunguza kasi ya mti kupoteza maji. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017 pamoja na jamii yake yote. Bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena zimeachwa nje ya masharti hayo tangu 2019, ila sheria za nchi unayotoka na unayopeleka zinaweza kudai karatasi nyingine, kwa hiyo ulizia posta kabla ya kufunga. Mfunge kwa karatasi, siyo plastiki, na umwekee kikopo kidogo cha nta pamoja na kitambaa.